Dawa Ipikwayo Mrijani

Mama wa nyumbani ajua ya kuwa sufuria ya maziwa ikijaa mno hufurika ghafla, wala mkono hauwahi. Viwanda vya dawa navyo vina masufuria yao makubwa. Kemikali za kutengenezea dawa za saratani zikichanganywa humo kwa wingi, joto la katikati hukosa njia ya kutoka upesi, na wa kwanza kuumia ni mfanyakazi.

Ndiyo sababu wataalamu walibuni njia ya mtiririko usiokatika. Kemikali hupita katika mirija myembamba, mfano wa askari wavukao daraja mmoja mmoja. Kwa wakati mmoja ni kiasi kidogo tu kinachoungana, na joto lake hutoka haraka kupitia kuta za mrija.

Mwaka 2017 wataalamu wa kampuni ya Eli Lilly walieleza katika jarida la Science jinsi walivyotengeneza kwa njia hiyo, huko Kinsale, Ayalandi, kilo 24 za preksasetibu, dawa ya saratani iliyokuwa katika majaribio. Walipata kilo 3 kwa siku. Hatua moja ilihitaji haidrazini, sumu iwezayo kulipuka. Mrijani ilikuwa kidogo, ikadhibitika.

Kabla dawa haijamfikia mgonjwa, yuko mtu aliyekwisha kuibeba hatari yake. Huyo naye ana watoto wamngojao jioni. Tumtakie kurudi salama, kama tumtakiavyo askari aendaye lindoni.