Santuri za Baba Haziuzwi

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Methali hii nimeisikia tangu utotoni, lakini maana yake hasa niliijua juzi juzi, siku mwanangu aliponiletea habari kwamba yuko mkusanyaji mmoja wa santuri huko Ulaya ambaye yu tayari kununua sanduku zima la marehemu baba yangu, tena bila hata kuchagua.

Mambo yalianza hivi. Redio-gramu yetu ya zamani, ile ya mbao yenye miguu minne, ilinyamaza kabisa. Nilikuwa na akiba kidogo, nikaamua kununua mitambo mipya ya muziki. Hapo ndipo ubishi ulipoingia nyumbani. Mwanangu akasema, "Mzee, siku hizi sahani za nini? Nunua amplifaya na spika nzuri, nyimbo zote zimo ndani ya simu. Hizo santuri tuziuze, pesa zake zituongezee spika." Mama watoto naye akamuunga mkono, maana sanduku lile limekaa chini ya kitanda miaka mingi, na yeye ndiye hulipangusa vumbi.

Baba alikuwa mfanyakazi wa Reli kule Nakuru. Kila alipokwenda Nairobi hakurudi bila santuri moja au mbili kutoka River Road. Humo sandukuni mna Fundi Konde, mna Fadhili William, mna Daudi Kabaka, na benga ya D. O. Misiani na Shirati Jazz. Nyimbo za miaka ya 1970 zilikuwa ndefu, na santuri ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika haikuweza kubeba wimbo mzima upande mmoja. Kwa hivyo wimbo ulikatwa: sehemu ya kwanza upande huu, sehemu ya pili upande wa pili, na mara nyingi utamu wa magitaa ulikuwa huko nyuma. Kazi yangu nilipokuwa mtoto ilikuwa kukimbia kuipindua sahani kabla wageni hawajarudi vitini.

Sitaki kuwadanganya wasomaji. Wapo wapenzi wa santuri wanaodai kwamba dijitali huikatakata sauti na kuipotezea uhai. Kwa maoni yangu, hayo ni maneno ya vijiweni. CD, zilizoanza kuuzwa Japani mwaka wa 1982, hupima sauti mara 44,100 kila sekunde. Kipimo hicho chatosha kubeba kila sauti ambayo sikio la binadamu laweza kusikia, na sikio la mzee kama mimi halifiki hata huko. Santuri nayo hulia kwa sindano kupita ndani ya mfereji. Vumbi likiingia utalisikia, mkwaruzo ukiwepo utausikia, na kila sahani ichezwapo huchakaa kidogo. Kwa usafi wa sauti peke yake, mwanangu hakukosea.

Wala sikushawishika na mtindo wa ng'ambo. Ni kweli kwamba mwaka wa 2022 huko Marekani ziliuzwa santuri nyingi kuliko CD, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu 1987. Lakini kupendwa kwa kitu Marekani si sababu ya mimi kumaliza akiba yangu.

Swali langu lilikuwa jingine kabisa: je, nyimbo zilizomo sandukuni zimo kweli ndani ya simu? Nilimwita mwanangu, nikatoa santuri kumi bila kuchagua, nikamwambia azitafute moja moja. Alitafuta hadi chai ikapoa. Alizipata sita. Katika hizo sita, mbili zilikuwa zimeimbwa upya miaka ya baadaye, kwa magitaa mengine na hata kwa sauti nyingine. Moja ilikatika katikati, kwa kuwa aliyeiweka alinakili upande wa kwanza tu. Nyingine ilikuwa na mikwaruzo mingi kuliko sahani yangu mwenyewe! Zile nne zilizobaki hazikuonekana popote.

Mwanangu alinyamaza. Mimi nikaelewa jambo ambalo ningependa kila mwenye sanduku kama langu alielewe. Dijitali ni mbebaji tu, na mbebaji hawezi kubeba asichopewa. Muziki unaorekodiwa leo huzaliwa ndani ya kompyuta, na kuusikiliza kwa simu si kosa lolote. Lakini wimbo wa zamani lazima unakiliwe kutoka mahali fulani. Kama kanda ya studio imepotea au imeoza, mahali pekee palipobaki ni santuri iliyo chini ya kitanda cha mtu. Mkusanyaji wa Ulaya anayajua hayo vizuri. Ndiyo maana hakuchagua.

Basi nikakata shauri: sitachagua kimoja na kukitupa kingine. Kwa faida ya wale wenye ubishi kama wetu, haya ndiyo niliyojifunza. Kwanza, sehemu kubwa ya pesa itumike kwa spika, kwa sababu spika mbaya huharibu santuri na dijitali sawasawa. Pili, nunua mashine ya santuri ambayo uzito wa sindano yake waweza kurekebishwa, maana sindano nzito kupita kiasi huila sahani. Tatu, hakikisha amplifaya ina tundu maalum la santuri. Mimi sikuuliza. Nilipoiwasha mara ya kwanza Kabaka alinong'ona kama mbu, nikadhani nimeibiwa. Kumbe sauti itokayo kwenye sindano ni dhaifu mno, na tena wakati wa kuchonga santuri sauti nene hupunguzwa na nyembamba huongezwa. Lazima kiwepo chombo cha kuikuza na kuirudisha ilivyokuwa. Ikabidi ninunue kijisanduku kingine cha kazi hiyo.

Nne, zile santuri za kale za mizunguko 78, ambazo huvunjika kama kigae, zina mifereji mipana na zataka sindano yake. Usiziwekee sindano ya 45. Na zote ziwekwe wima, mbali na jua, la sivyo zitajipinda kama chapati.

Siku hizi kila Jumamosi jioni mwanangu huleta kompyuta, tunazisafisha sahani tatu au nne, tunazicheza mara moja na kuzinakili. Pande mbili za wimbo huziunga zikawa moja, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nausikia wimbo mzima bila kuinuka kitini. Simu yake sasa ina nyimbo ambazo jana hazikuwamo katika simu yoyote. Hapo naikubali dijitali kwa moyo mweupe, kwa kuwa imekuja kuifanyia kazi santuri, haikuja kuifukuza.

Kwa hivyo, ndugu msomaji, kabla ya kumpa mnunuzi sanduku la mzee wako, toa santuri kumi uzitafute. Ukizikuta zote, nzima na safi, uza ukipenda. Usipozikuta, jua kwamba unachouza si plastiki kuukuu. Yule wa Ulaya nimemjibu kwa adabu kwamba santuri haziuzwi, lakini akifika Nairobi siku ya Jumamosi, karibu chai, tutasikiliza pamoja.