Hukumu Iliyotolewa Mezani

Kuna namna ya ushahidi ambayo haikubaliwi katika baraza lo lote la kadhi, lakini hukubaliwa kila siku katika vitabu vya safari: ushahidi wa mtu aliyemtazama mwenziwe akila. Msafiri huketi, huangalia, hukunja uso, na kabla ya sahani kuondolewa amekwisha kupata hukumu juu ya taifa zima. Wamarekani wamehukumiwa hivi mara nyingi mno, na mahakimu wao wepesi wa kalamu walikuwa wageni kutoka Ulaya. Kwa muda wa zaidi ya miaka 200 maandishi hayo yamesomwa kama mambo ya kuchekesha. Kuchekesha yanachekesha, lakini kitabu kimoja katika hivyo kiliandikwa ili kuwatia watu hofu ya kupewa haki yao, na chakula kilikuwa miongoni mwa hoja zake.

Mtungaji wake alikuwa Bibi Frances Trollope, Mwingereza. Alifika kwenye mlango wa mto Mississippi siku ya Krismasi mwaka 1827, akaupanda mto huo kwa meli ya moshi, akakaa Cincinnati miaka miwili, akajaribu kujenga duka kubwa la vitu vya anasa ili kuinua hali ya jamaa yake, akapoteza mali yake humo, na mwaka 1832, alipokwisha kurudi kwao, akatoa kitabu alichokiita Domestic Manners of the Americans. Humo amewasimulia abiria wa melini: jinsi walivyoketi bila maneno ya staha, walivyovinyakua vyakula na kuvimeza kwa pupa, walivyokula kwa kisu mpaka bapa lote likaonekana kuzama kinywani, na walivyochokoa meno baadaye kwa kisu cha mfukoni. Amestaajabu kuona nyama ya nguruwe asubuhi, adhuhuri na jioni. Amechukizwa na mayai kuliwa pamoja na chaza, na nyama ya ng'ombe pamoja na pichi zilizopikwa. Mkate mzuri uliopoa, asema, waliuacha, wakautaka ule wa moto ambao haujaiva sawasawa. Mahindi ndiyo yaliyomwudhi kabisa. Aliyaona yakiliwa mabichi, akayaona yamevunjwa na kuchemshwa na kuletwa mezani kama wali, akaona unga wake ukifanywa mikate ya namna kumi na mbili au zaidi, na yote akaitia katika neno moja la ubaya. Msomaji aliyelelewa kwa ugali na kande ataijua mwenyewe thamani ya neno hilo.

Hapana haja ya kumwita mwongo. Macho yake yalikuwa makali, na pale alipopenda aliweza kusema haki, maana soko la Cincinnati alilisifu kwa wingi wa vitu, uzuri wake na urahisi wa bei. Kosa lake liko mahali pengine. Alilinganisha vitu viwili visivyolingana. Katika meli na nyumba za wageni za Marekani za zamani hizo, kengele ililia saa maalumu, meza ilikuwa moja, bei ilikuwa moja, na mfanya biashara, mkulima, seremala na bibi wa Kiingereza waliketi pamoja. Aliyechelewa alikuta mifupa. Mtu mwenye kazi inayomngoja, na sahani ambayo haitamngoja, hali kama mtu aliyeandaliwa chumbani peke yake. Ni lini bibi wa cheo chake, huko Uingereza, alipata kuketi meza moja na wapakuzi wa makaa ya mto Thames, ahesabu mara wanazotia kisu kinywani? Sebule ya Kiingereza ililetwa kushindana na sitaha ya meli ya Mississippi, kisha ikatangazwa kuwa nchi moja imeishinda nchi nyingine.

Na uma wenyewe, chombo hicho kilichogeuzwa kipimo cha uungwana, haukuwa na umri mkubwa mkononi mwa Mwingereza. Thomas Coryat aliuona Italia katika safari yake ya mwaka 1608, akaandika habari zake katika kitabu chake cha mwaka 1611, akachekwa na wenziwe kwa kuuiga. Babu za Bibi Trollope walikula kwa vidole, kama wanavyokula mamilioni ya watu safi duniani hata leo baada ya kunawa; na wajukuu wao wakasahau upesi sana.

Sasa lije jambo lenyewe. Kitabu kilitoka mwezi wa Machi 1832. Wakati huo huo Bunge la Uingereza lilikuwa katika mabishano makali juu ya mswada wa kurekebisha uchaguzi, ambao ulikuja kuwa sheria mwezi wa Juni mwaka ule ule. Suala lilikuwa nani apewe kura. Bibi Trollope hakulificha kusudi lake: katika utangulizi amewaonya Waingereza washikamane na utaratibu wao wa zamani, wasije wakapatwa na ghasia na unyonge ambao kwa maoni yake huifuata nchi inayotia mamlaka yote mikononi mwa watu wa chini. Kwa hiyo kisu kile kinywani hakikuwa kisu tu. Kilikuwa hoja. Tazameni, kilisema, watu wanaojitawala wanavyokula! Waliochukia mswada wakakipokea kitabu kwa furaha, kwani ni rahisi kumcheka mtu anayetafuna kuliko kumjibu mtu anayedai.

Hoja hiyo haina miguu. Ikiwa ulaji wa pupa ni dalili ya kutostahili kura, basi wafalme wengi wa Ulaya walistahili kunyang'anywa taji kabla ya chakula cha mchana. Ikiwa ulaji wa taratibu ni dalili ya hekima ya kutawala, wenye nyumba kubwa za Uingereza, waliokula taratibu sana, wangalikwisha kuwashibisha wafanya kazi wao. Na mwandishi mwenyewe, pamoja na uma wake wote, hakuwa na kura. Wanawake wa nchi yake hawakuanza kuipata katika uchaguzi wa Bunge mpaka mwaka 1918.

Baada yake alikuja Charles Dickens. Huyu ni mtu wa kupendwa, na kwa hiyo kosa lake linauma zaidi. Alifika Boston Januari 1842, akazunguka miezi kadhaa, na kabla ya mwaka kwisha akatoa American Notes. Katika mashua ya mfereji iliyompeleka Pittsburgh alihesabu vilivyoletwa mezani: chai, kahawa, mkate, siagi, samaki, maini, vipande vya nyama, viazi, achari, paja la nguruwe, soseji, na kulipokucha vikaja vile vile tena. Katika meli ya mto Ohio aliwaona watu wakila kimya, kwa haraka, bila mzaha wala mazungumzo, akaona karamu hiyo ni kama mazishi. Ameyaandika kwa ucheshi wake wa kawaida, na ucheshi ule unasomeka vizuri mpaka mtu akumbuke ni nani anayeucheka wingi wa nyama. Ni yule yule aliyetoa Oliver Twist baina ya mwaka 1837 na 1839, na kuufanya ulimwengu umlilie mtoto wa nyumba ya maskini aliyethubutu kuomba uji zaidi. Ni yule yule aliyetiwa kazini katika kiwanda cha rangi ya viatu alipokuwa na umri wa miaka 12. Alikuwa amefika katika nchi ambamo mtu wa kawaida, asiye na shamba la urithi wala jina, alipewa maini na samaki na nyama kabla ya jua kupanda; naye alichoona ni kwamba hawasemezani.

Miaka mitatu tu baadaye, mwaka 1845, viazi viliharibika Ireland, nchi iliyokuwa chini ya taji lile lile la Uingereza. Watu wapatao milioni moja walikufa kwa njaa na maradhi yaliyofuatana nayo, na wengine zaidi ya milioni wakahama. Wengi wao walikwenda Marekani. Hawakwenda kujifunza adabu za meza. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na kitabu cha safari mara nyingi huandikwa na mwenye shibe kwa ajili ya wenye shibe wenziwe.

Si kweli kwamba wageni wote walikuwa vipofu. Mfaransa Brillat-Savarin, aliyekimbia mapinduzi ya kwao, akaishi Marekani miaka miwili hivi akifundisha Kifaransa na kupiga fidla katika nyumba ya michezo New York, alialikwa na mkulima karibu na Hartford mwezi wa Oktoba 1794. Akala nyama ya ng'ombe ya chumvi, bata bukini, paja la kondoo na mboga za kila namna. Akawinda bata mzinga. Na miaka 30 na zaidi ilipopita, katika kitabu chake maarufu cha mwaka 1825, bado alimkumbuka ndege yule kwa mapenzi. Mtu huyu alikijua chakula kuliko Bibi Trollope na Volney na Dickens wakikusanywa pamoja. Tofauti ni kwamba yeye aliingia nyumbani mwa watu akawa mgeni wao. Wenziwe walikaa mezani wakiwa wapelelezi. Volney, Mfaransa mwenziwe aliyekuwako miaka hiyo hiyo, aliandika mwaka 1803 kwamba kama ingetolewa tuzo kwa ulaji unaofaa zaidi kuharibu tumbo, meno na afya, Wamarekani wangeichukua wao.

Neno la Volney lafaa lipewe haki yake, kwa kuwa leo zaidi ya watu wazima 40 katika kila 100 wa Marekani wana unene wa kiasi cha maradhi. Lakini ugonjwa huo hauna asili katika kisu wala uma. Ni habari ya sukari, ya bei, ya makampuni, ya saa za kazi na ya mitaa isiyo na soko la mboga. Na mtu anayeutaja ili kucheka hawezi kuwa ameutaja ili kuutibu. Zaidi ya hayo, Ulaya yenyewe imebadili mashtaka. Zamani Mmarekani alilaumiwa kwa kula kishenzi. Mwaka 1930 Georges Duhamel, aliyekuwa amekwisha kuyaona machinjio ya Chicago, alimlaumu kwa kula kama mtambo. Mwaka 1986 Waitalia waliandamana kupinga mkahawa wa McDonald's uliofunguliwa Rome karibu na Piazza di Spagna, na katika mwendo huo kikazaliwa chama cha kutetea ulaji wa taratibu. Jambo lao lina maana. Lakini kile walichokipinga kilikuwa na jina la Hamburg, na waliopanga mstari mlangoni hawakuletwa kwa meli kutoka Chicago. Walikuwemo Warumi. Na mchuzi wa tambi wanaoutetea hauwezi kupikwa bila nyanya, tunda lililovuka bahari kutoka bara la Amerika, kama vile viazi vya Mwingereza na kakao ya Mswisi.

Kuna upungufu mmoja mkubwa kuliko yote hayo. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Na sahani iliyofika mezani imepikwa na mtu. Dickens, ni haki kusema, alipoandaliwa chakula Baltimore na watumwa kwa mara ya kwanza alisikia aibu, akaiandika. Ila katika maandishi ya wasafiri hao juu ya ladha, mpishi hana jina. Katika majimbo ya kusini jiko lilikuwa la Waafrika. Mpunga wa Carolina ulilimwa kwa mikono yao na kwa ujuzi waliotoka nao Afrika Magharibi. Kunde ni zao. Ufuta ni wao. Bamia ni yao, na mchuzi mashuhuri wa Louisiana unaoitwa gumbo umepata jina lake kutoka katika lugha za Kibantu za Angola, ambako bamia huitwa kingombo. Mgeni aliyeandika kwamba Wamarekani hawana upishi wao alikuwa ameketi mbele yake, anautia chumvi.

Hercules, mpishi wa George Washington, alitoroka mwaka 1797. James Hemings, mtumwa wa Thomas Jefferson, alipelekwa Paris mwaka 1784 ajifunze upishi wa Kifaransa. Akajifunza, akasimamia jiko la bwana wake huko, akarudi naye mwaka 1789. Mwaka 1793 Jefferson aliandika ahadi kwamba atamwacha huru akiisha kumfundisha mtu mwingine kazi hiyo. Aliyefundishwa ni Peter, ndugu yake James mwenyewe, ambaye alibaki utumwani. Uhuru ulipatikana Februari 1796. Mwezi huo huo, kabla ya kuondoka, James aliandika orodha ya vyombo vya jiko la Monticello: sufuria za shaba na vifuniko vyake, vyombo vya kuchemshia samaki, kalibu za kuokea, birika za kahawa. Alikufa mwaka 1801. Orodha ipo hata leo, kwa mwandiko wake mwenyewe.