Kusoma si Kuimba Kaye

Wanafunzi wenzangu wapendwa, na ninyi walimu wetu,

Mitihani inakaribia, na dalili zake tunazijua sisi wote. Ukipita kando ya ziwa asubuhi, toka Kalundu mpaka Kavimvira, utaona wanafunzi wanatembea juu ya mchanga, kaye mkononi, midomo inaenda. Usiku ni mshumaa ao tochi ya simu mpaka macho yanakuwa mekundu. Kisha pointi zikitoka, tunasikia maneno yaleyale: "Mimi nilisoma yote, lakini mu mtihani yote ikanipotea!" Mmoja anasema amerogwa, mwingine anasema mwalimu anamchukia.

Mimi ninasema hivi: wengi wetu hatukosi akili, wala hatukosi bidii. Tunakosa namna ya kusoma. Tunaimba kaye, na tunafikiri tunasoma.

Tuchukue mfano wa hapa kwetu. Mu jiografia tunaimba: "Ruzizi inatoka ziwa Kivu, inaingia ziwa Tanganika." Vizuri. Sasa mwulize mwenye kuimba: kwa nini maji yanatoka kule kuja huku, si huku kwenda kule? Ananyamaza. Lakini jibu si ngumu. Ziwa Kivu liko karibu mita 1.460 juu ya usawa wa bahari, na Tanganika yetu iko karibu mita 770. Maji yanashuka karibu mita 700. Mtu akifahamu jambo hilo moja, hawezi tena kugeuza mto. Na atafahamu pia sababu gani mitambo ya umeme ilijengwa kwenye Ruzizi upande wa Bukavu, pale mto unapoanguka kwa nguvu, haikujengwa huku chini mu bonde, pale mto unapotembea polepole. Jambo moja limefahamika, maswali matatu yamejibiwa. Lakini mwenye kuimba, ukimbadilishia swali kidogo tu, amekwisha.

Wataalamu wamepima maneno haya. Mwaka 1885 Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, alitoa kitabu juu ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alishika kwa kichwa silabi zisizo na maana, kisha akapima anasahau kwa haraka gani. Aliona kwamba sehemu kubwa inapotea upesi sana, mu masaa na siku za kwanza, na kwamba kurudilia kidogo kidogo kwa siku mbalimbali kunasaidia kuliko kujaza yote siku moja. Mwaka 2006, Roediger na Karpicke, wa chuo kikuu kimoja cha mji wa Saint Louis kule Marekani, waliwapa wanafunzi habari fupi ya kusoma. Kundi moja lilisoma mara nne. Kundi lingine lilisoma mara moja tu, kisha mara tatu likaandika bila kutazama yale linayokumbuka. Nyuma ya dakika 5, wale wa kusoma mara nne walishinda. Lakini nyuma ya juma moja, wao walikumbuka asilimia 40, na wale wa kujiuliza walikumbuka asilimia 61.

Angalieni vizuri hapo, ndugu zangu. Kuimba kunadanganya. Usiku ule ule unasikia kama unajua yote, na juma likipita limebaki nusu, tena pungufu ya nusu. Na mtihani haungojei nyuma ya dakika 5.

Basi, tufanye namna gani? Soma somo la leo, leo hii. Kisha funga kaye. Chukua karatasi ya kutupa, ao kipande cha makaa na ubao, andika yote unayokumbuka. Fungua, tazama ulichosahau, sahihisha. Rudilia hivyo nyuma ya siku mbili, na tena nyuma ya juma. Hesabu ni vilevile: usitazame tu namna mwalimu alivyofanya ukasema "nimeona." Funika jibu, fanya mwenyewe mpaka mwisho. Kazi hii inachosha kuliko kuimba, ni kweli. Lakini jasho lake ndilo linalobaki kichwani.

Kuna jambo la pili, na watu hawapendi kulisema wazi. Ni lugha. Nyumbani tunasema Kiswahili, Kivira, Kifulero, Kibembe. Kaye imejaa Kifaransa tulichonakili ubaoni. Wengi wanaimba maneno wasiyojua maana yake. Mwenye kuimba "fotosinteze" na hajui kama ni jani linalojitengenezea chakula kwa mwangaza wa jua, maji na hewa, huyo amebeba gunia hajui mna nini ndani. Shauri langu: jieleze kwanza kwa lugha ya mama yako mpaka ifahamike, kisha rudi ku Kifaransa, kwa sababu mtihani utaandikwa kwa Kifaransa. Usiache hatua ya kwanza, wala usiishie hapo.

Wafinalisti, hii inawahusu zaidi. Mtihani wa Serikali, tangu ulipoanzishwa mwaka 1967, umekuwa mlango wa kuingia chuo kikuu. Maswali yake mengi ni ya kuchagua jibu, na hapo wengine wanasema: "Ni bahati tu." Sivyo. Majibu yanafanana kama dagaa mu wavu. Mwenye kuimba anaona yote ni sawa, mwenye kufahamu anatofautisha. Tena dissertasio haina majibu ya kuchagua, ni wewe na karatasi nyeupe.

Ninajua mtaniambia: "Wakati uko wapi?" Neno hilo ni la kweli, zaidi kwa dada zetu. Kijana akitoka masomo anatupa kaye, anaenda mpira. Msichana anachota maji, anapika, analea wadogo, na akimaliza jua limezama na umeme haupo. Halafu tunalinganisha pointi zao! Wazazi wagawanye kazi kwa watoto wote, vijana vilevile wachote maji. Lakini pia kujiuliza hakuhitaji taa. Unaweza kujiuliza ukiwa na bidoni kichwani ao mbele ya moto wa jikoni. Hapo kuimba usiku kucha kumeshindwa mara ya pili, sababu kunakula mshumaa na usingizi.

Na wale wanaosema, "Nitaomba, Mungu atanisaidia"? Kuomba ni kuzuri, tusiache. Lakini Mithali sura ya 6 inatutuma kwa chungu, mdudu mdogo anayeweka chakula wakati wa mavuno, hangojei njaa. Haitutumi kulala, wala kukopia kwa jirani.

Namalizia kwa kuomba mambo matatu kwa Bwana Prefe na walimu. La kwanza: kila Ijumaa tupewe interogasio fupi isiyo na pointi, ya kutuonyesha tu tulichosahau. La pili: tupewe ruhusa ya kubaki mu darasa nusu saa nyuma ya masomo, mwangaza ungalipo, tuulizane kwa makundi ya wanne. La tatu: mwanafunzi akijieleza kwa Kifaransa kibovu, asichekwe. Anayechekwa leo hatauliza tena kesho, na asiyeuliza atarudi kuimba.

Sisi wanafunzi tusingoje ruhusa ili kuanza. Leo jioni, somo moja tu: soma, funga kaye, andika. Utaona mwenyewe ulijua kiasi gani.

Mwanafunzi mwenzenu