Majengo Yetu Hayajanuna

Leo sizungumzii viza, ada wala bei ya kodi. Nina neno kuhusu jambo linaloonekana dogo, ila kwangu mimi si dogo hata kidogo: hizi picha nyeusi-nyeupe za majengo ya kisasa ya kwetu, ambazo siku hizi kila mwenye kamera au simu nzuri anazihariri mpaka anga linakuwa jeusi kama lami, kuta zinang'aa kama mifupa, na binadamu haonekani hata mmoja.

Mmeziona. Zinazunguka kwenye makundi yetu ya WhatsApp, na kila tukiandaa maonyesho ya picha hapa chuoni zinaletwa nyingi. Mtu anakupa picha ya jengo la Nairobi au la Dar, unaitazama, unajiuliza: kulikoni, kuna msiba? Jengo limenuna! Hoja yangu ni moja tu. Uhariri wa namna hii unafuta yale yale yanayolifanya jengo lile liwe la kwetu, na sisi tulioko ugenini ndio tulipaswa kuwa wa mwisho kuufanya bila kufikiri.

Nisieleweke vibaya. Sisemi picha nyeusi-nyeupe ni mbaya. Hapa Uingereza, nendeni London mkatazame jumba la maonyesho la National Theatre, kazi ya msanifu Denys Lasdun, lililofunguliwa mwaka 1976. Zege lake limeachwa wazi, bila plasta wala rangi, na alama za mbao zilizolishikilia lilipomwagwa bado zinaonekana, mshipa kwa mshipa. Ukilipiga picha nyeusi-nyeupe siku ya mawingu unapata faida ya kweli: rangi ikiondoka, jicho linabaki na zege lenyewe. Na mawingu ya London ni ya kweli jamani, hakuna aliyeyaongeza. Huzuni ile ni ya hali ya hewa, haikutoka kwenye kompyuta.

Sasa tuingie jikoni kidogo tuone chakula kinapikwaje. Kompyuta inapogeuza picha ya rangi kuwa nyeusi-nyeupe, inachukua nyekundu, kijani na bluu, inazijumlisha kwa uzito tofauti. Kipimo kimoja kilichozoeleka ni kama asilimia 30 nyekundu, 59 kijani na 11 bluu, kwa sababu jicho la binadamu linasikia kijani zaidi. Mhariri wa picha ana ruhusa ya kubadilisha uzito huo. Akiishusha bluu, anga linazama gizani. Akiipandisha nyekundu, kila chenye wekundu kinageuka cheupe. Ujanja huu si wa leo. Mwaka 1927 Ansel Adams alipiga picha ya mlima wa Half Dome huko California kwa kioo chekundu mbele ya lenzi, anga likatoka karibu jeusi. Leo kazi ile inafanywa kwa kidole.

Halafu kuna mbinu ya pili. Unafunga kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, mbele ya lenzi unaweka kioo cheusi kinachopunguza mwanga karibu mara 1,000. Picha ambayo ingechukua sehemu moja ya 60 ya sekunde sasa inachukua sekunde kama 17. Mawingu yanavutika kama nywele zilizochanwa. Na watu je? Anayetembea hakai mahali pamoja muda wa kutosha kuandikwa, kwa hiyo anafutika. Aliyesimama, kama mlinzi au mama muuza karanga, anabaki, basi anaondolewa baadaye mezani. Mwisho mhariri anapaka giza pembeni na mwanga katikati, kazi imekwisha.

Tuchukue mfano mmoja ambao wengi tunaujua, KICC ya Nairobi. Wasanifu wake walikuwa Karl Henrik Nøstvik wa Norway na David Mutiso wa Kenya. Jengo lilifunguliwa mwaka 1973, na mwaka huo huo Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa wakafanya mkutano wao wa mwaka pale. Mnara una zaidi ya mita 100, na pembeni yake kuna ule ukumbi wenye paa la pia. Mwaka 2019 Kenya ilipotoa noti mpya, KICC iliwekwa kwenye kila noti. Sasa niambieni, KICC ina rangi gani? Hata mtoto wa Nairobi atakujibu: rangi ya udongo. Udongo uliochomwa, kama chungu.

Hapo ndipo penye utamu, au niseme uchungu. Udongo uliochomwa una wekundu mwingi, na anga la Nairobi mchana lina bluu nyingi. Mapishi yale ya kushusha bluu na kupandisha nyekundu yakipita juu ya KICC, kitu cha kwanza kufutika ni udongo wenyewe. Mnara unatoka mweupe kama marumaru, umesimama kwenye usiku ambao haukuwepo, saa sita za mchana! Rangi iliyoufunga mnara na ardhi unayosimama juu yake imeondoka, na kilichobaki kingeweza kuwa Rotterdam, kingeweza kuwa Chicago. Mpiga picha anasema ameonyesha ukubwa wa Afrika. Mimi naona kaivua nguo.

Kama mhandisi, naumia zaidi kwenye vivuli. Ulaya kivuli ni kitu cha kukimbia. Watu wanalifuata jua. Kwetu kivuli ni sehemu ya hesabu ya jengo. Angalia Soko la Kariakoo, alilolisanifu Beda Amuli katika miaka ya 1970. Paa lake ni magamba ya zege yenye umbo la mwavuli yaliyobebwa na nguzo, hewa na mwanga vinapita, chini mtu anauza nyanya bila kuungua. Kile kivuli cha chini ya paa ndicho jengo lilichotumwa kufanya. Sasa mtu anapokizamisha kuwa weusi mtupu ili paa lipendeze, amebakiza mwavuli na kumfuta aliyejikinga. Huwezi tena kuona nguzo inakutana vipi na gamba, wala nani yuko chini. Wadau, Kariakoo bila watu ni nini? Moto wa Julai 2021 ulipoliunguza soko lile, watu hawakulia kwa ajili ya umbo la paa peke yake. Walilia mitaji yao.

Na hapa kuna jambo ambalo tusilionee aibu kulisema. Katika picha ya namna hii, anayepotea wa kwanza kwenye kivuli ni mtu mweusi. Uso wa kahawia uliosimama chini ya ukumbi uko karibu na kivuli kuliko shati jeupe lilivyo. Ukikaza weusi wa picha, shati linabaki linaelea, uso umekwenda. Sasa sisi ambao kila siku tunalalamika kwamba hatuonekani, tunajifuta kwa mikono yetu kwenye picha za nyumbani kwetu?

Najua nitajibiwa: kaka, hiyo ni sanaa, si ripoti ya mkaguzi wa majengo. Sawa. Nakubali pia nia ya wengi ni njema. Tumechoka na picha za twiga na machweo, tunataka wenzetu wa hapa wajue kwamba kwetu kuna minara, kuna wasanifu, kuna zege lililofikiriwa. Nia hiyo naiunga mkono kwa mikono miwili. Lakini tazameni tunaazima lugha ya nani. Le Corbusier mwenyewe, alipochapisha picha za nyumba yake ya Villa Schwob katika jarida lake miaka ya 1920, alifuta baadhi ya vitu vilivyoizunguka ili ionekane safi kuliko ilivyo. Kizazi baada ya kizazi kikajifunza kwamba jengo la kisasa ni kitu kinachosimama peke yake, bila jirani, bila waya, bila mtu. Tukiiga hivyo hatuonyeshi usasa wetu. Tunaomba usasa wa wengine utukubali, na tunajisafisha kwanza kabla ya kubisha hodi.

Njia nyingine ipo. Mwaka 2015 kilitoka kitabu cha African Modernism, kilichohaririwa na Manuel Herz, kuhusu majengo ya wakati wa uhuru katika nchi tano, Kenya ikiwemo. Picha nyingi za Iwan Baan mle ndani ni za rangi, na ndani yake watu wanaishi. Jengo halijapungua heshima kwa sababu mtu kapita mbele yake. Kinyume chake, unajua ukubwa wake kwa sababu yeye yupo.

Kwa hiyo nina pendekezo kwa kamati ya maonyesho na kwa kila mwenzetu anayepiga picha. Kwanza, anayetaka nyeusi-nyeupe alete, ila aweke na ile ya rangi pembeni, hata ndogo, tuone kilichobadilishwa. Pili, kabla hujashusha bluu, jiulize siku ile anga lilikuwaje. Kama lilikuwa jeupe la joto la Dar, liache jeupe, nalo ni habari. Tatu, vivuli vibaki na kitu ndani yake. Nne, mtu asifutwe, wala waya, wala kiyoyozi, wala ile michirizi ya mvua ukutani. Michirizi inatuambia maji yanapita wapi na nani hajalipwa kupaka rangi. Tano, chini ya picha andika jina la msanifu na mwaka. Jina la Beda Amuli au David Mutiso likisomwa na wanafunzi 200 hapa chuoni, hiyo ni faida kubwa kuliko anga jeusi lolote.

Majengo yetu mengine yamechakaa, mengine yamepakwa rangi za ajabu na kampuni za simu, mengine lifti hazipandi. Yote hayo tuyaonyeshe na tuyajadili. Ila kununa hayajanuna. Yamesimama juani, yamejaa watu, yanafanya kazi. Naomba kutoa hoja.

Mwandishi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamivu, uhandisi wa ujenzi.