Tupime Maneno: Kusoma si Kujifunza



Juma hili tutapima neno moja la Kiingereza ambalo kila mwanafunzi hukutana nalo mapema katika kitabu chake, nalo ni "learn". Wengi hudhani wamekwisha kulijua, kwa sababu kamusi yaeleza kwa neno moja tu: kujifunza. Lakini neno hili lina ndugu wengi, na ndugu hao hawana tabia moja. Anayewachanganya hukosa katika mtihani. Tena hukosa katika mambo makubwa kuliko mtihani, kama tutakavyoona.

Haja ya kulijua vema imezidi siku hizi. Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na Kiingereza ni lugha rasmi ya Jumuiya hiyo. Jirani zetu wa Rwanda waliamua mwaka 2008 kufundisha kwa Kiingereza mashuleni. Basi vijana wetu wa Bukavu, wa Goma na wa Uvira, waliolelewa kwa Kiswahili nyumbani na kwa Kifaransa shuleni, sasa wanatwikwa lugha ya tatu. Mzigo wa tatu haulemei sana ikiwa ile miwili ya kwanza imepangwa sawasawa. Tuipange.

Kwanza: kujifunza na kufundisha

Hapa Kifaransa chaweza kutupoteza. Kwa Kifaransa neno "apprendre" hutumika pande mbili: mwanafunzi hujifunza, naye mwalimu humfundisha, na neno ni lile lile. Kwa hiyo mwanafunzi wetu huandika: "My father learned me to read", akitaka kusema kwamba baba yake alimfundisha kusoma. Hilo ni kosa. Mwenye kutoa maarifa hutumia "teach". Mwenye kuyapokea hutumia "learn". Tuseme: "My father taught me to read", au: "I learned to read from my father". Tuangalie neno "from". Sisi husema "nilijifunza kwa baba", lakini Kiingereza husema maarifa yametoka kwake.

Tusimcheke anayekosa hivyo. Zamani Waingereza wenyewe walisema vile vile. Shakespeare, aliyefariki mwaka 1616, alitumia "learn" kwa maana ya kufundisha katika mchezo wake uitwao The Tempest, wala hakuna aliyemlaumu. Baadaye wenye elimu waliikataa maana hiyo, hata leo husikika tu katika mazungumzo ya watu wa mahali fulani fulani. Lugha huhama kama mto unaobadili mkondo. Anayetaka kuvuka sharti atazame maji yanapopita leo.

Pili: jitihada na tunda lake

Neno "study" ni kushika kitabu, kukaa kitako, kudurusu. Hiyo ni kazi. Neno "learn" ni maarifa kuingia na kukaa. Hilo ni tunda. Ndiyo maana Mwingereza aweza kusema: "I studied all night and learned nothing", yaani, nilidurusu usiku kucha nisipate lolote. Maneno hayo hayapingani hata kidogo. Mkulima aweza kulima shamba zima asivune.

Kiswahili chetu hapa hutuficha jambo. Twasema "mtoto wangu anasoma", nasi twataka kusema mambo matatu: kwamba macho yake yako kitabuni, au kwamba anakwenda shule, au kwamba anajitahidi katika masomo yake. Desturi hiyo si mpya. Katika Buganda, mwishoni mwa karne ya 19, Wakristo wa kwanza waliitwa "abasomi", ndio wasomaji, kwa kuwa kupokea dini na kujua herufi vilikwenda pamoja. Lakini kwa Kiingereza yatupasa kuchagua. Macho kitabuni ni "read". Kwenda shule ni "go to school". Kujitahidi ni "study". Waingereza, wanapotaja chuo kikuu, husema pia kwamba mtu "reads law", yaani anasomea sheria. Matumizi hayo hayafai kwa mtoto wa shule ya msingi.

Tatu: kupata habari

"Learn" lina maana nyingine ambayo Kiswahili hakiipi neno kujifunza. Mtu akisema: "We learned that the bridge had collapsed", hakwenda darasani. Amepata habari kwamba daraja limebomoka. Kifaransa chafanya vivyo hivyo, basi hapa chatusaidia. Ikiwa habari hiyo umeitafuta wewe mwenyewe, kwa kuuliza huku na huku, neno lifaalo ni "find out". Ikiwa umevumbua jambo lililokuwa limefichika, tumia "discover". Mama aliyesikia sokoni kwamba bei ya unga imepanda, "learned". Yule aliyezunguka duka kwa duka hata akaijua bei, "found out". Na yule aliyegundua kwamba pishi la mwuzaji lina chini ya uongo, huyo "discovered".

Nne: kukariri, kuokota, kumudu

Kukariri maneno hata kuyasema bila kutazama ni "learn by heart", au "memorize". Kifaransa nacho husema kwa moyo. Hata hivyo tusidanganyike na neno moyo: mara nyingi yaliyokaririwa hukaa mdomoni tu.

Kuna tena "pick up", kama mtu anayeokota kitu njiani. Dereva aliyezoea kukaa Kisangani huokota Kilingala bila mwalimu wala daftari. Waingereza hawadharau elimu ya namna hiyo, wala sisi tusiidharau. Mwisho ni "master", kumudu kabisa, kama fundi seremala anayeijua mbao kabla ya kuigusa kwa randa.

Tano: mtu hafunzwi kama somo

Kosa hili husikika mara nyingi: "I want to learn you", kijana akitaka kusema kwamba angependa kumfahamu mwenzake. Tuepuke. Twajifunza lugha, kazi, wimbo; lakini mtu tunamzoea pole pole. Kiingereza husema "get to know". Na "know" peke yake ni hali ya aliyekwisha kujua. Kwa hiyo hatusemi "I am knowing", bali "I know".

Neno dogo juu ya maandishi: "learned" na "learnt" zote mbili ni sahihi kwa wakati uliopita. Waamerika hupenda ya kwanza. Waingereza hutumia zote. Lakini "a learned man", mtu mwenye elimu nyingi, huandikwa kwa namna ya kwanza tu, na hutamkwa kwa silabi mbili.

Sasa tutazame mizizi. Wachunguzi wa asili ya maneno huliunganisha "learn" na shina la kale lenye maana ya alama za njia. Jamaa yake katika Kilatini ni "lira", mfuo unaoachwa na plau shambani. Kujifunza, basi, ni kufuata nyayo za waliotangulia. Kifaransa "apprendre" chatoka katika Kilatini cha kukamata kwa mkono. Nasi pia husema mtoto "ameshika" somo lake. Kiswahili nacho kina hekima yake. Tumechukua "kufunza", tukatia "ji", alama ya mtu kujitendea mwenyewe. Ni kama "kujifunika" na "kujificha". Mwalimu aweza kukufundisha, mzazi aweza kukulipia, lakini hakuna awezaye kujifunza kwa niaba yako.

Hapa ndipo tunapofikia lile jambo kubwa kuliko mtihani. Katika jamaa nyingi baba huuza mbuzi, mama huamka usiku kukaanga mandazi ya kuuza, ili karo ipatikane. Jioni humwuliza mtoto: "Umesoma leo?" Naye hujibu: "Ndiyo, mama", na kweli hasemi uongo. Alikaa darasani, alinakili ubao mzima, alikariri mistari kumi. Mwaka unakwisha, anapewa karatasi aeleze kwa maneno yake mwenyewe, na mkono unasimama. Ndipo wazazi husema mtoto ni mjinga, au mwalimu ni mvivu, au fedha zimeliwa bure. Pengine hakuna mmoja wao mwenye hatia ya namna hiyo. Walikuwa wakiuliza juu ya jembe, hawakuuliza juu ya mavuno.

Ulizo jipya halina gharama: "Umejifunza nini leo? Nieleze na mimi." Mzazi asiyejua herufi aweza kuliuliza sawa na aliyefika chuo kikuu, pengine kwake lafaa zaidi, maana mtoto hulazimika kueleza kwa Kiswahili cha nyumbani, bila kujificha nyuma ya maneno ya kitabu. Akiweza kumweleza bibi yake kwa nini maji yanayochemka hutoa mvuke, ameshika. Akishindwa, hajapata fimbo wala aibu. Amejua tu mahali pa kurudi kesho kumwuliza mwalimu. Kuuliza si ujinga.

Enyi wanafunzi, nanyi mjiulize vivyo hivyo kila mnapofunga daftari. Usihesabu kurasa ulizosoma. Hesabu mambo unayoweza kumfundisha mdogo wako. Likiwa moja tu, usiku haukupotea.

Zoezi

Tafuteni neno la Kiingereza lifaalo kwa kila tendo:

1. Mwalimu alinifundisha kuandika.
2. Tulipata habari kwamba mgonjwa amepona.
3. Alidurusu sana, akashika machache.
4. Kaka yangu aliokota Kilingala sokoni.
5. Nilimzoea jirani yangu pole pole.
6. Uliza hata ujue motakari itaondoka saa ngapi.

Majibu: 1. "taught", 2. "learned", 3. "studied", kisha "learned", 4. "picked up", 5. "got to know", 6. "find out".

Aliyekosa la tatu alirudie kabla ya mengine, kwa maana ndilo somo letu zima. Juma lijalo tutapima maneno mawili yanayogombana katika madaftari mengi: "lend" na "borrow", kukopesha na kukopa.