Kivuli cha Wazee Kiko Wapi?

Viwanja vya makanisa yetu mengi hapa Karatu vimetengenezwa kwa ajili ya macho ya wapita njia na magari ya wenye magari. Wazee hawakufikiriwa. Na usharika ambao uwanja wake unamchosha mzee kabla hajaingia ibadani unaivunja Amri ya Nne, hata kama mchungaji wake anaihubiri vizuri.

Tazama siku ya mavuno. Ibada ikiisha tunatoka kwa maandamano, tunafanya duara, tunaimba, kisha mnada unaanza: mkungu wa ndizi, kuku, debe la mahindi, mayai. Saa nzima inapita, jua likiwa utosini. Bibi wa miaka 80 amesimama na fimbo yake, maana hakuna pa kukaa na anaona aibu kuondoka mapema. Bustani ipo, lakini imezungushiwa mawe ya chokaa na kibao cha kukataza watu kukanyaga majani. Miti ipo, lakini ni ile myembamba inayokwenda juu kama mshumaa, isiyomfunika hata kuku. Ngazi za mbele ni pana na nzuri kwa picha za harusi, ila hazina kishikio.

Baada ya miezi michache tunaambiwa, "Bibi amezeeka, siku hizi haji." Tunamwandika kwenye orodha ya kupelekewa Chakula cha Bwana nyumbani, na dhamiri inatulia. Nani alimuuliza kilichomzuia? Mara nyingi ni zile ngazi, na tope jekundu la masika, na choo kilicho mbali nyuma ya jengo. Mama huyu alibeba mawe ya msingi wa kanisa hilo kichwani.

Wako watakaosema haya ni mambo ya Ulaya, kwamba huko wazee wanapandiwa bustani kwa sababu wamewekwa kwenye makao yao, na sisi tunaishi na wetu nyumbani. Nakubali nusu. Makao ya wazee kwetu ni machache, kama yale ya Magugu wilayani Babati. Lakini hoja hiyo inatuhukumu: kama usharika ndio jamaa yao, basi uwanja wa usharika ndio bustani yao. Wala kivuli hakikuletwa na Mzungu. Kule Ngorongoro laigwanani na wazee wenzake hukaa chini ya mti wanapoamua mambo ya jamii. Ibrahimu alipowapokea wageni kule Mamre, penye miti, alikuwa ameketi mlangoni pa hema wakati wa jua kali. Na nabii Zekaria, katika sura ya 8, alipotaka kuonyesha Yerusalemu iliyoponywa, alituonyesha wazee wa kiume na wa kike wameketi njiani na mikongojo yao, na watoto wakicheza mjini humo. Hakutaja dari ya jipsamu.

Tusiseme hatujui kutengeneza. Panda barabara iendayo lango la Lodoare uone bustani za loji. Mtalii wa miaka 75 anatembea kwenye njia tambarare, anakuta benchi lenye egemeo, anakaa kivulini. Bustani hizo zinatunzwa na vijana wetu, wengine wanakwaya. Ujuzi tunao, mama zao tu ndio hawajaonja matunda yake.

Wengine watasema, kwanza tumalize jengo. Ndugu, majengo yetu hayaishi. Vigae vikiisha inakuja dari, dari ikiisha unakuja mnara, na wazee wanakwisha kabla ya jengo.

Kinachohitajika ni kidogo. Mabenchi yenye egemeo na mikono, kimo cha sentimita 45 hivi, ili mwenye magoti mabovu aweze kuinuka. Tena yatazamane, watu wazungumze. Njia ngumu kutoka barabarani, inayotosha watu wawili walioshikana mikono. Kando ya ngazi, mteremko wa taratibu: kila sentimita 1 ya kupanda ipewe urefu wa sentimita 12. Kingo za ngazi zipakwe rangi nyeupe, maana mwenye mtoto wa jicho haoni ngazi inapoishia. Na upandwe mringaringa, mti unaotanua matawi, karibu na darasa la Shule ya Jumapili.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa mtu wa miaka 60 na kuendelea. Enyi wazee wa kanisa, mnaobeba jina hilo hata mkiwa vijana, wahesabuni walio na umri huo katika usharika wenu, kisha hesabuni viti vilivyo kivulini. Hesabu hizo mbili zisomwe mbele ya washarika kabla ya harambee nyingine yoyote ya jengo. Mwaka huu lisimamishwe walau banda la bati, na masika yakija mti uingie ardhini. Utachukua miaka kutoa kivuli. Sisi tulio na miaka 40 leo ndio tutakaokaa chini yake.