Kaye ya Kiingereza inaomba kolone ya tatu



Katika vitabu vya zawadi vilivyofika kwa maktaba yetu kulikuwa kimoja chembamba ambacho hakuna mtu aliyekitaka. Ni kitabu cha kujifunza maneno ya Kiingereza. Upande wa kushoto kuna neno la Kiingereza, upande wa kuume kuna maana yake kwa Kilithuania. Wengi walicheka wakisema: "Ile itatusaidia nini?" Sisi makapita tulikiazima majuma mawili, tupate kuona wanafunzi wa kwingine wanajifunza namna gani. Leo tunataka kusema wazi kile tulichofikiri, sababu kitabu kile kinaonyesha kitu ambacho kaye zetu zinakosa.

Lithuania ni nchi ndogo ya Ulaya, kando ya bahari ya Baltiki. Watu wake wote hawapiti sana milioni 3. Wanaosema Kiswahili ni makumi ya mamilioni. Lakini mtoto wa Vilnius akijifunza neno la Kiingereza, anapewa maana yake kwa lugha anayosema na mama yake jikoni. Sisi tunaipewa kwa Kifaransa tu. Ni kama mtu anayepanda mti kwa kusimama juu ya ngazi ambayo yenyewe haijakaa vizuri chini. Yule ambaye Kifaransa chake kinachechemea, Kiingereza chake kitakuwa namna gani?

Msifikiri watu wale walipata jambo hili bure. Kitabu cha kwanza kilichochapwa kwa Kilithuania kilitoka mwaka 1547 katika mji wa Königsberg. Kilikuwa katekismo ya Kiprotestanti, kazi ya Martynas Mažvydas, na ndani yake aliweka pia alfabeti na nyimbo, ili watu wajue kusoma na kuimba. Sisi wa shule ya Kiprotestanti tunaijua njia hiyo: mtu apate Neno kwa lugha anayoielewa. Kisha, karibu na mwaka 1620, padri Mkatoliki Konstantinas Sirvydas alitoa diksionere kwa ajili ya vijana wanaosoma. Ilikuwa na lugha tatu pamoja: Kipolandi, Kilatini na Kilithuania. Tafadhali shikeni hesabu hiyo ya tatu, tutairudia.

Baadaye kulikuja shida. Tangu mwaka 1864 serikali ya mfalme wa Urusi ilikataza kuchapa Kilithuania kwa herufi za Kilatini. Walitaka watu wasome kwa herufi za Kirusi. Watu walikataa. Vitabu vilichapwa ngambo ya mpaka, katika Prusia, na wachukuzi walivipitisha usiku, wengine migongoni. Waliokamatwa walifungwa, wengine walipelekwa Siberia. Hiyo iliendelea miaka 40, mpaka 1904. Mmoja wa wachukuzi wale, Jurgis Bielinis, alizaliwa tarehe 16 Machi 1846, na mpaka leo siku ile ni siku ya kuwakumbuka wachukuzi wa vitabu. Basi, kolone moja ya Kilithuania katika kitabu cha mwanafunzi ilinunuliwa kwa bei kali. Kwetu hakuna askari anayekamata kaye. Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa, imeandikwa katika Katiba ya 2006. Nani anatuzuia?

Sasa tuingie ndani ya maneno, sababu kusema tu "tupende lugha yetu" haitoshi. Kila mwaka madarasa ya chini wanaandika: "He learns us English." Kosa hilo linatoka wapi? Kwa Kifaransa "apprendre" inaweza kuwa kupokea elimu, na inaweza kuwa kuitoa. Mwanafunzi anaona neno moja, anachukua moja. Lakini Kiswahili kinatofautisha: kufunza na kujifunza. Ile "ji" ndogo inaonyesha kwamba kazi inamrudia mwenyewe. Na Kilithuania kinafanya vilevile! "Mokyti" ni kufunza, "mokytis" ni kujifunza. Herufi moja tu mwishoni inafanya kazi ya "ji" yetu. Hivyo mtoto wa kule akikutana na "teach" na "learn", njia iko wazi kwake. Ingekuwa wazi kwetu pia, kama kaye ingetukumbusha Kiswahili.

Tena angalieni "borrow" na "lend". Kilithuania kina "skolintis" na "skolinti". Sisi tuna kukopa na kukopesha. Mwanafunzi anayejua nani amekopa na nani amekopesha kule kwa kartie, hawezi kukosa maneno hayo mawili tena.

Tusidanganyane, Kiswahili hakishindi pahali pote. Sisi tunasema mkono, kutoka bega mpaka vidole. Walithuania nao wanasema "ranka" kwa yote mawili. Lakini Mwingereza anagawanya: "arm" na "hand". Hapa Kifaransa kinatuokoa, sababu kina "bras" na "main". Na kidole ni kidole, kiwe cha mkono ao cha mguu. Mlithuania anasema "pirštas" kwa vyote viwili, lakini Mwingereza anasema "finger" na "toe". Kumbe kila lugha ina taa yake na giza lake. Neno "rice" ni moja kwa Kiingereza, lakini mama sokoni atakuuliza: unataka mpunga ao mchele? Na ukila, ni wali. Kwa hiyo hata kolone ya Kiswahili bila mfano inaweza kupoteza mtu.

Kuna wanaosema: "Examen d'Etat haiulizi Kiswahili." Ni kweli. Lakini haiulizi pia kama ulielewa kwa njia gani. Inauliza kama umeelewa. Wengine wanasema wanafunzi watakuwa wavivu na Kifaransa kitakufa. Hatuombi kufukuza Kifaransa. Tunaomba kiti cha tatu karibu na viti viwili. Wengine tena wanasema kwamba hapa shuleni si wote waliozaliwa katika Kiswahili. Ndiyo, kuna wandugu ambao nyumbani ni Mashi, Kinande ao Kilega. Lakini saa ya mapumziko, kwa mpira na kwa kisima, tunasikilizana kwa lugha gani? Na yule anayetaka kuongeza neno la kijiji chake pembeni, aandike, kaye ni yake.

Sisi makapita ndio tunaotumwa kuangalia kwamba Kiswahili hakisemwi ndani ya darasa. Kanuni hiyo tunaishika, na tutaendelea kuishika. Tunaloomba ni jambo dogo tu: kanuni ya mdomo isifike mpaka kwa kaye. Kama Bwana Préfet na waalimu wa Kiingereza wanakubali, tungefanya hivi:

Kwanza, kila mwanafunzi apige mistari ili kaye iwe na kolone tatu: Kiingereza, Kifaransa, Kiswahili.

Pili, chini ya kila neno aandike maneno mafupi ya mfano aliyotunga mwenyewe, ili asije akala mpunga.

Tatu, sisi wa darasa la mwisho tuwasaidie wale wa chini kila Jumatano nyuma ya masomo, na mwalimu akosoe orodha mbele haijanakiliwa.

Tukianza na maneno kumi kwa juma, mwisho wa trimestre moja mtoto atakuwa na maneno zaidi ya mia anayoyaelewa kabisa. Hayo yanapita maneno mia tano aliyoyashika kama kasuku na kuyasahau nyuma ya mtihani.

Wandugu, mwaka huu tunaondoka. Wengine wetu wataingia chuo kikuu, wengine watatafuta kazi Uganda ao Rwanda, ambako Kiingereza kinasemwa. Hatupendi wale wanaobaki waendelee kujifunza kwa kubahatisha. Anayeona tumesema vibaya, aandike jibu lake na kulitia katika sanduku la gazeti hili karibu na mlango wa maktaba. Tutalichapa, hata likitupinga.

Kwa jina la makapita wote,
Kapita wa wanafunzi, darasa la mwisho